Madirisha Saba, Milango Sita

Sumbawanga, jioni

Mwanangu Tekla,

Sanduku lako umelifunga, na nimekusikia ukilifungua tena mara mbili. Mambo ya safari sitayagusa. Sweta unalo, tiketi unayo, namba ya dereva umeiandika mwenyewe. Ninayotaka kukuambia nimeshindwa kuyasema kwa mdomo miaka yote hii tuliyokaa wawili. Ukiyasoma ndani ya basi, ukiwa umeshaipita Laela, itakuwa rahisi kwako na kwangu.

Leo wakati wa chakula ulicheka. Ulishika ile barua ya kukuita kwenye mafunzo ya wakuu wapya wa idara, ukasoma kwa sauti: siku tano, namna ya kuwaongoza wahadhiri wa kila aina na kumlinda yule asiyefanana na wenzake. Ukasema, "Mama, siku tano zote hizi? Si mtu anamheshimu mwenzake tu, basi?" Nikainuka, nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nimeogopa.

Niliwahi kukaa siku tano kama hizo. Nilichelewa kwenda, na mtu mwingine aliumia kwa kuchelewa kwangu.

Unajua kwamba niliongoza idara ya kemia. Picha ile ya sebuleni umekua ukiiona, mimi na joho langu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Usichokijua ni kwamba chuoni kote hakuna aliyejua kuwa mimi ni Mfipa wa huku Sumbawanga. Niliwaambia natoka Mbeya. Nilisoma Mbeya, kwa hiyo niliuona ni uongo mdogo. Nilianza kuusema wiki yangu ya kwanza ya kazi. Mwanafunzi mmoja alikuwa amejitambulisha darasani kuwa anatoka Sumbawanga, na tulipokuwa tukinywa chai mhadhiri mmoja akalisimulia hilo huku ameinua miguu yote miwili kutoka sakafuni, kana kwamba kuna kitu kinapita chini. "Huyo msimfelishe," akasema, "atakuja kuwachukua na ungo." Wote wakacheka, kwa kuwa watu husema huku kwetu ni kwa wachawi. Na mimi nikacheka, mwanangu. Mtu mmoja akanigeukia, akaniuliza, "Na wewe wa wapi?"

Ndiyo sababu hukuwahi kuletwa huku ulipokuwa mdogo. Ndiyo sababu ukiwasikia akina mama wa sokoni wakizungumza Kifipa unasimama kama mgeni. Uliponiuliza kwa nini hatuendi kwa ndugu zetu nilisema barabara ni mbovu. Barabara ilikuwa mbovu kweli, lakini watu walikuwa wakiipita.

Nilikuwa na miaka mitatu katika ukuu wa idara alipokuja Gaudensia. Alikuwa mhadhiri mpya, kijana, mwembamba, na miwani yenye fremu ya kahawia. Alikuwa na kichwa ambacho sijawahi kukutana nacho tena. Kwao Muze, huku kwetu bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Hakuficha. Siku ya kwanza aliingia chumba cha chai, akapita wote, akaja kusimama mbele yangu, akapiga magoti kidogo kama tunavyowasalimia wakubwa huku, akanisalimia kwa Kifipa.

Chumba kizima kikatugeukia. Nilimwelewa kila neno. Ilikuwa ni ile salamu ambayo bibi yangu alikuwa akiidai asubuhi kabla hajanipa uji. Nikamwambia, "Samahani, sijui lugha hiyo."

Akanitazama, akasimama wima. Akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, Daktari."

"Marahaba," nikasema. Watu wakarudi kwenye chai yao.

Mwanzoni yalikuwa utani. Akipita, mtu anajifanya kuanguka. Karatasi za mtihani zikipotea, mtu anasema tumuulize Gaudensia, yeye anaona gizani. Alitabasamu kwa muda fulani, kisha akaacha. Mimi niliyahesabu kuwa maneno ya watu wazima waliochoka. Na, nisikufiche, kila yalipoelekezwa kwake nilipumua, kwa sababu hayakuelekezwa kwangu.

Kisha Dakta Renatus akaugua. Huyu alikuwa mhadhiri mkongwe, mtu mkali lakini wa haki. Ijumaa moja yeye na Gaudensia walibishana kuhusu jaribio la maabara, Gaudensia akamwambia mbele ya watu, "Rudia vipimo, mzee, utaona mwenyewe." Jumatatu Renatus akaanguka akiwa anafundisha. Mkono wa kulia ulikufa, na mdomo ukaenda upande. Wanafunzi walisema kabla hajaanguka alikuwa anarudia neno moja tu: nimeona, nimeona.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetania tena. Utani ulipokwisha ndipo nilipopaswa kuogopa. Walikuja ofisini kwangu mmojammoja na kila mmoja alifunga mlango nyuma yake. "Mkuu, mimi siamini mambo hayo, lakini..." Wote walianza hivyohivyo. Walitaka wasipangwe naye kusimamia mitihani, na ofisi yake isipakane na zao. Mmoja aliniomba nibadili kiti cha Gaudensia kwenye vikao kwa sababu kilitazamana na chake.

Nikawapa vyote. Jambo kama hilo halifanyiki kwa kelele, mwanangu. Linafanyika kwa kupanga ratiba. Nilimwondoa kwenye zamu, nikabadili kiti, na mwisho nikamwita nikamwambia nimempatia chumba chake peke yake, kule mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya chupa zilizovunjika. "Utapata utulivu wa kufanya utafiti wako," nikasema. Nililisema kwa wema wote. Hata sauti yangu niliipenda.

Gaudensia akainuka. "Sawa, mama," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama. "Ukinihitaji nitakuwa kule mwisho."

Wiki ileile nikaanza kusikia jina langu.

Si jina hili unalolijua. Bibi yangu alinipa jina lake la utotoni, la Kifipa, na alipokufa lilikwenda naye. Baba yako hakulijua. Halimo katika cheti chochote. Ilikuwa mchana kweupe, saa sita, wahadhiri wamekwenda kula, nami niko peke yangu na mafaili. Nikasikia nyayo koridoni, viatu vya ngozi, polepole, zikaja mpaka mlangoni kwangu zikasimama. Kisha nikaitwa. Mara moja, kwa sauti isiyo ya kiume wala ya kike, kama mtu anayehakikisha kuwa upo. Nikafungua mlango. Korido ilikuwa tupu mpaka mwisho, na kule mwisho mlango wa Gaudensia ulikuwa umefungwa.

Haikuwa kila siku. Zinapita siku nne, tano, ninaanza kusahau, kisha saa sita inafika, nyayo zile, na jina lile. Nilianza kula mapema ili nisiwe peke yangu. Niliwaza kwamba ni yeye ananifanyia. Unaona nilikofika? Mimi, mjukuu wa mwanamke aliyeitwa majina hayohayo na watu wa mbali wasiomjua, nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya serikali nikiamini kwamba dada wa kwetu ananiloga.

Asubuhi nyingine nilikuta mstari wa chumvi ya mawe, kinga ya kumzuia mchawi asivuke, kwenye kizingiti cha mlango wake. Mnene, mweupe, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Nikamwambia mfagizi aufagie. Kesho yake ulikuwepo tena, na keshokutwa. Sikuuliza hata siku moja ni nani anayeuweka. Nilijua nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa itanipasa kufanya kitu.

Jumatano moja wanafunzi wakaja kusema mwalimu hajafika darasani. Nikaenda mwenyewe mpaka mwisho wa korido. Mlango ulikuwa wazi. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Kikombe cha chai kilikuwa bado kinatoa mvuke. Miwani yake, ile ya kahawia, ilikuwa juu ya daftari, imefunguliwa, inatazama mlango. Ubaoni alikuwa ameandika mlinganyo mrefu wa kemia, akafika katikati, na chaki ilikuwa imekaa juu ya kingo ya ubao kana kwamba imewekwa sasa hivi.

Tulimtafuta mchana kutwa. Simu haikupatikana. Mlinzi wa geti alisema hakuona mtu. Wenzetu wanne waliokuwa wamesimama kwenye ngazi asubuhi ile hawakuona mtu. Barua tuliyoituma kwao haikujibiwa. Muda wa kisheria ulipokwisha tuliandika kwamba ameacha kazi bila taarifa, na sahihi iliyopo pale chini ni yangu.

Chumba hakuna aliyekitaka. Nikakifunga. Kisha wanafunzi wakaanza kusema wanasikia chaki ikiandika mle ndani. Nikawakemea. Lakini dirishani pazia lilikuwa limeacha upenyo, na siku moja nilipopita nje nikachungulia. Mlinganyo ulikuwa umeongezeka mstari mmoja. Wiki iliyofuata, mistari miwili.

Nilikwenda saa sita mchana, nimejikaza. Nikasimama nje ya mlango nikasikia kabisa: tk, tk, kisha mkwaruzo mrefu. Nikagonga. Mkwaruzo ukakoma. Nikausukuma mlango.

Alikuwa Mzee Joakimu, fundi wa maabara. Nilikuwa nimesahau kwamba ana funguo zote. Chaki ilikuwa mkononi mwake, vumbi jeupe limemjaa mikono mpaka viwikoni.

"Samahani, Daktari," akasema. "Alinifundisha jinsi ya kuisawazisha hii. Jioni jioni, watu wakishaondoka. Nimefanya kazi hapa tangu ujana wangu na hakuna mwingine aliyewahi kunifundisha kitu. Nimeona nisiiache katikati."

Nikapata nafuu. Nikakaa kwenye kile kiti chenye koti. "Kwa hiyo ni wewe, mzee," nikamwambia. "Ni wewe unayekuja mlangoni kwangu saa sita na kuniita."

Akanitazama kwa mshangao. "Mimi? Nakuita jina gani?"

Nikafungua mdomo, na sikuweza kulitamka.

Muda si mrefu baadaye ndipo ilipokuja barua kama hii yako. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuwa mbali na korido ile kwa siku tano. Tulikuwa wakuu wa idara kutoka vyuo mbalimbali, tumekaa ukumbini na chupa zetu za maji, kila mmoja akiitazama simu yake. Siku ya kwanza ilikuwa sheria na taratibu. Nilisinzia.

Siku ya pili mwezeshaji wetu, mama mfupi mwenye sauti ndogo, aligawa karatasi kubwa na kalamu za rangi. "Chora idara yako," akasema. "Nje na ndani. Madirisha, milango, nani anakaa wapi. Kisha uchore mistari: nani humgongea nani mlango." Tulicheka kama watoto. Nikachora kwa haraka, najua kuchora. Nikamaliza wa kwanza.

Yule mama akapita nyuma yangu, akasimama. Akahesabu kwa kidole bila kugusa karatasi.

"Nje umechora madirisha saba," akasema. "Ndani kuna milango sita. Hili la mwisho ni la nani?"

Nikatazama. Ni kweli. Mkono wangu ulikuwa umelichora jengo kama lilivyo, lakini nilipoingia ndani ukaishia chumba cha sita na kuvuta ukuta.

"Hiyo ni stoo," nikasema.

Akainama zaidi. "Stoo yenye pazia?"

Nilikuwa nimelichora pazia, Tekla. Pamoja na ule upenyo wake. Sikumbuki kulichora.

Akaenda kwa mtu mwingine. Usiku ule na siku zilizofuata sikusinzia tena. Yule mama hakutufundisha mambo makubwa. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja zaidi ya ulilojiandaa nalo. Aliuliza kazi za idara zinagawiwaje, nikajibu kwa maelewano. "Maelewano ya nani?" Nikasema, tunaongea wakati wa chai. "Na asiyekuja kwenye chai?" Hapo nikaona kwa mara ya kwanza kwamba Gaudensia hakuwahi kupewa somo alilolitaka, safari, wala mwanafunzi wa kumsimamia, na hakuna aliyemnyima. Vyote viligawiwa katika chumba ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimemfanya asiingie. Aliuliza pia tunafanya nini na minong'ono. Mkuu mmoja akasema minong'ono haiandikwi kwenye muhtasari. Yule mama akasema, "Lakini ratiba inaandikwa. Nenda kaisome ratiba yako, utaona minong'ono yote imo."

Siku ya tano sikurudi chuoni. Nilipanda basi la huku.

Sikuwa nimeiona Sumbawanga kwa miaka mingi. Nilifika na ukungu, mji umefunikwa, pikipiki zinatokea mbele yako bila kutangulia na sauti. Pale Mazwi, katikati ya mji, nilipata lifti kwa Mzee Seifu, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka mizigo Muze kwa fuso lake. Tulipofika pale barabara inapoanza kuteremka bondeni akasimamisha gari, akazima injini.

"Tungoje kidogo, mama," akasema.

"Tunangoja nini?"

"Gari inapanda."

Sikuona gari, sikusikia gari. Mbele yetu palikuwa na weupe tu. Tukakaa. Kisha ubavuni mwetu, karibu kabisa, lori likapita bila taa, limejaa magunia, na watu juu ya magunia wamejifunika mashuka mpaka kichwani, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Likaingia kwenye ukungu. Mzee Seifu akawasha injini. "Umejuaje?" nikamuuliza. Akasema, "Mimi hupita hapa kila wiki. Wewe ndiye uliyeondoka."

Sikumwambia kwamba niliwahi kuondoka. Sikumwambia hata kuwa mimi ni mtu wa huku.

Kule chini joto lilitupokea kama pumzi ya mnyama. Nilielekezwa nyumba. Mama mmoja mtu mzima alikuwa uani anaanika samaki. Nikaanza kusema shikamoo. Akainua kichwa, akanitazama, na kabla sijamaliza akaniita kwa lile jina langu.

Sijui nilikaa vipi. Nilijikuta chini, kwenye mkeka, na kata ya maji mkononi.

"Una uso wake," yule mama akasema. "Bibi yako na mama yangu walikuwa marafiki. Nimekushika ukiwa mtoto. Nilimwambia Gaudensia, nenda chuo kile, yuko mtoto wa kwetu, ndiye mkubwa wa pale. Hutakuwa peke yako."

Gaudensia akaja saa tisa, anatoka kufundisha shule ya sekondari ya karibu. Alikuwa na miwani mingine, ya bei nafuu, kishikio chake kimoja kimefungwa kwa uzi. Hakushtuka kuniona. Akasalimia, akakaa kando ya mama yake, akaanza kumsaidia kugeuza samaki.

"Uliondokaje?" nikamuuliza. "Hakuna aliyekuona."

"Nilitoka kwa mlango mkubwa," akasema. "Asubuhi, jua linawaka. Nilipita katikati ya wenzetu wanne pale kwenye ngazi, nikawaambia samahani, wakasogea. Mlinzi nilimsalimia. Sijui ninyi mlikuwa mnaangalia nini."

"Na miwani?"

"Niliikumbuka nilipofika getini. Nikaona siwezi kurudi kwenye chumba kile. Nikaja hivyohivyo, sioni vizuri, mpaka huku."

Nikamuuliza kuhusu jina. Kama yeye ndiye aliyekuwa akija mlangoni kwangu saa sita. Akaacha kugeuza samaki.

"Mama, mimi nilikuita mara moja tu," akasema. "Siku ile ya kwanza, kwa ile salamu, si kwa jina. Ulisema hujui lugha hiyo. Sikukuita tena."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani na yote yalikuwa ya ofisini. Nikamwambia nitasahihisha faili lake, iandikwe kwamba hakutoroka kazi, alisukumwa, na kwamba aliyesukuma ni mimi. Nikamwomba arudi.

"Andika hayo," akasema. "Kurudi, sirudi. Lakini atakuja mwingine. Si lazima awe wa Muze. Atakuja mwenye fimbo, au mwenye ngozi isiyo na rangi, au wa dini ambayo hamna. Siku hiyo, mtu akikuuliza wewe ni wa wapi, utasemaje?"

Nikarudi chuoni. Kikao cha idara kilichofuata, kabla ya ajenda ya kwanza, nilisimama nikasema ninatoka Ufipa, kwetu ni Sumbawanga, bibi yangu alikuwa wa Muze, na nimewadanganya kwa miaka yote. Nikasema nilichomfanyia Gaudensia, hatua kwa hatua, chumba, kiti, zamu, na sahihi. Nikaomba iandikwe kwenye muhtasari. Katibu akanitazama kuhakikisha, nikamwambia andika.  Nilisikia tu miguu ya kiti kimoja ikisogezwa nyuma juu ya sakafu, polepole, kisha kingine.

Kesho yake asubuhi mstari wa chumvi ulikuwa kwenye kizingiti changu.

Nitakuambia ukweli, mwanangu, nilisimama nje nikiutazama. Unaweza kujua kabisa kwamba ni chumvi ya dukani, na mguu bado ukakataa kuivuka. Nikaivuka. Kwa miezi mingi nilikunywa chai peke yangu. Ulikuwa kidato cha pili, uliniuliza kwa nini nimekonda, nikasema kazi nyingi.

Wa kwanza kukaa na mimi alikuwa Dakta Renatus. Alirudi kazini akitembelea fimbo, maneno yakimtoka kwa shida. Akaburuta kiti, akakaa mbele yangu, akamimina chai kwa mkono wa kushoto na kumwaga nusu. Akasema, "Lilikuwa shinikizo la damu. Daktari aliniambia tangu mwaka wa nyuma yake, nikapuuza dawa." Akapumzika. "Yule binti alikuwa sahihi. Nilirudia vipimo Jumamosi ile, nikaona. Nilikuwa nawaambia wanafunzi nimeona, nimeona kosa langu. Nilipolala hospitali nilijaribu kuwaeleza walionitembelea. Walinishika mkono wakaniambia nisichoke."

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa.

Mengine niliyoyafanya ni madogo na hayavutii kusimulia. Kazi zote zikagawiwa kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, kila mtu aone nani kapewa nini na kwa sababu gani. Mhadhiri mpya alikaa nami wiki yake ya kwanza, akala nami, nikamuuliza anaogopa nini. Aliyekuja kufunga mlango nyuma yake nilimwomba aufungue, na alilotaka kusema aliseme ukiwa wazi. Wengi walisahau walichokuja kusema. Mimi nilihamia chumba cha mwisho, nikakaa humo mpaka nilipostaafu nikarudi huku, na aliyetaka sahihi ya mkuu wa idara ilimbidi atembee korido yote. Wawili walihama idara wasije wakanifuata kule. Niliwaacha waende. Faili la Gaudensia lilisahihishwa, barua ya chuo ya kumwomba radhi ikamfikia. Hakuijibu. Bado anafundisha kule bondeni, na mara moja kwa mwaka nashuka kumsalimia. Hunipokea vizuri. Hatujawa marafiki.

Na lile jina? Sikudanganyi kwamba limekoma. Mwezi uliopita, siku ile ya ukungu mzito, ulikuwa unafua uani ukaingia ndani na mikono ya povu, ukaniuliza, "Mama, nani huyo wanamwita pale nje?" Nikasema sijasikia. Nilikuwa nimesikia. Sasa unajua.

Sikuandikii ili uwe na hofu, wala sidhani utafanya nilivyofanya mimi. Mimi pia nisingedhani. Nenda kwenye mafunzo, kaa mbele, na ukipewa karatasi uchore, usichore haraka.

Leo alasiri ulipokwenda kumuaga shangazi yako uliacha juu ya meza orodha ya wahadhiri wa idara yako mpya. Nimeisoma, nisamehe. Kuna majina kumi na moja. Mbele ya kila jina pameandikwa namba ya ofisi, namba ya simu na masomo anayofundisha, isipokuwa jina la tisa. Hilo mbele yake pako patupu. Inaweza kuwa kosa la mchapaji. Lakini ukishafika chuoni Jumatatu, kabla hujakalia kiti chako, kabla hujanywa chai ya mtu, muulize katibu yule wa tisa anakaa wapi, kisha uende mwenyewe kwa miguu yako ukagonge.

Mama yako